Kamera Huhesabu Nuru: Kuwafundisha Watoto wa Segerea Kupiga Picha

Nyumba nyingi za Segerea, kama zilivyo nyumba nyingi za pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, zimeezekwa kwa bati, na bati lililokaa miaka halikosi tundu la msumari. Jua likiwa kali, nuru hupenya katika tundu hilo na kuangusha sakafuni kiduara cheupe ambacho husogea polepole kadiri saa zinavyokwenda. Watoto hukifukuza kiduara hicho kwa viganja vyao. Watu wazima hukiona kuwa ni ilani tu, kwamba masika ikiingia hapana budi pawekwe ndoo mahali pale. Ni wachache wanaojiuliza: tundu lenyewe limechanika ovyo, halina umbo maalumu, mbona basi kinachoonekana sakafuni ni duara kamili?

Jibu ni kwamba kiduara kile si alama ya tundu. Ni picha ya jua. Kila mwali wa nuru husafiri katika mstari ulionyoka. Miali itokayo ukingo wa kulia wa jua hupita tunduni na kuangukia upande wa kushoto, na ile itokayo ukingo wa kushoto huangukia kulia, hata umbo zima la jua likachorwa sakafuni, limepinduliwa. Jua liko mbali nasi kiasi cha mara 107 ya upana wake lenyewe. Kwa hiyo, ikiwa bati liko mita 3 juu ya sakafu na jua li utosini, upana wa picha hiyo utakuwa mita 3 kugawanya kwa 107, yaani karibu sentimita 2.8. Msomaji mwenye futi kamba aweza kupima mwenyewe. Mwenye kutaka ushahidi zaidi na akumbuke tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa. Kule Rujewa, wilayani Mbarali, watu walikusanyika kuitazama pete ya moto. Hapa Dar es Salaam mwezi ulilimega jua kwa sehemu tu, na kila tundu la bati, na kila mwanya baina ya majani ya mwembe, ulichora chini si duara bali hilali.

Nimeanza na tundu la bati kwa sababu hapo ndipo ninapoanzia kila ninapowafundisha watoto wa majirani zangu upigaji wa picha za dijitali. Zamani sikuanzia hapo, na yafaa nieleze kilichonibadilisha.

Mimi hufundisha fizikia katika chuo kikuu, nami ni mkazi wa Segerea. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda sana, watoto tisa wenye umri baina ya miaka 8 na 13 hukutana uani kwangu. Vifaa vyetu ni simu tatu kuukuu, moja ikiwa na kioo kilichopasuka mithili ya utando wa buibui. Siku ya kwanza niliwapa simu hizo bila maelezo, nikidhani kwamba kubonyeza kutawafundisha. Wakaanza kupigana picha mbele ya ukuta wa nyumba, uliopakwa chokaa nyeupe si zamani. Ilipofika zamu ya binti mmoja wa miaka 10, aliyekuwa mweusi kuliko wenzake wote, picha ikatoka hivi: ukuta uko wazi, blauzi nyeupe iko wazi, na mahali pa uso pana kiza. Wenzake wakaangua kicheko. “Umebaki meno!” mmoja akasema. Binti yule hakulia. Aliirudisha simu mezani, akasema kwamba yeye angewashikia wenzake mabegi.

Sikuweza kucheka, kwa sababu picha ile nilikwisha kuiona. Nilipokuwa ughaibuni nikisomea shahada ya uzamivu, idara yetu ilipiga picha ya pamoja nje, katika theluji, nayo ikachapwa katika taarifa ya mwaka. Tulikuwa watu kumi na wanne. Nyuso kumi na tatu zilionekana vema. Mimi nilikuwa sweta lililosimama peke yake. Mwenzangu alinitania kwamba labda niliondoka kabla mpiga picha hajabonyeza. Nilicheka pamoja naye, na kwa miaka kadhaa baadaye niliamini kwamba mimi ni mtu asiyependeza katika picha. Nakiri jambo hili kwa haya, kwa kuwa somo nililokuwa nikilisomea lilikuwa ni nuru.

Tangu siku ile ya ukuta wa chokaa niliona kwamba mtoto asiyeelewa namna kamera inavyofikia uamuzi wake atadhani kwamba kamera imesema kweli juu yake. Hilo ni jambo zito kuliko picha mbaya.

Boksi la viatu

Kabla ya simu, kila mtoto hutengeneza kamera yake mwenyewe. Huchukua boksi tupu la viatu, akakata dirisha upande mmoja na kulifunika kwa karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta ya kula ili ipitishe nuru. Upande wa pili hukata tundu, akalifunika kwa ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, kisha akaichoma kwa pini. Hapo hujifunika kanga kichwani pamoja na boksi, akaelekeza tundu la pini barabarani. Juu ya karatasi yenye mafuta huonekana barabara yote: bodaboda zikienda miguu juu, mama muuza maandazi akiwa ameinamisha ndoo yake mbinguni, na daladala itokayo kulia ikionekana kutoka kushoto. “Mwalimu, dunia imepinduka!” ndilo neno ninalolisikia kila mara.

Elimu hii si ngeni kwa ulimwengu wa Bahari ya Hindi. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 na kufariki Kairo kiasi cha mwaka 1040, alieleza kwamba tunaona kwa sababu nuru huingia machoni, wala si kwa sababu jicho hutoa miali, kama walivyoshikilia wengi waliomtangulia. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, akaona ukutani mabaka ya nuru yaliyolingana na idadi ya taa. Akizima taa moja, baka moja tu hutoweka. Miali, basi, hukutana tunduni bila kuchanganyikana. Tulilirudia jaribio hili usiku kwa vibatari vitatu, nasi tukapata jibu lile lile.

Boksi la viatu lina kasoro moja: picha yake ni hafifu mno. Tundu likipanuliwa nuru huongezeka, lakini picha hupoteza ukali wake, kwa kuwa kila nukta ya kitu sasa huchora baka badala ya nukta. Lenzi hulitatua tatizo hilo kwa kuipinda miali iliyotawanyika na kuikutanisha tena mahali pamoja. Hata hapo bado hatujapata kitu chochote cha dijitali. Kilichopo ni nuru juu ya karatasi, na karatasi haikumbuki.

Mvua katika vikombe

Neno dijitali asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kidole, kwa kuwa watu walihesabu kwa vidole kama tuhesabuvyo sisi. Kamera ya dijitali, kwa ufupi, ni kamera ya tarakimu. Mahali palipokuwa na karatasi yenye mafuta pana kipande kidogo cha silikoni, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba katika simu zilizo nyingi, ambacho juu yake yamepangwa mamilioni ya visima vidogo vya kupokea nuru. Kila kisima hutoa nukta moja ya picha, iitwayo pikseli.

Watoto huelewa jambo hili kwa mfano wa mvua. Tuseme uani pote tumepanga vikombe vilivyo sawa, safu kwa safu. Mvua inanyesha, lakini haidondoki sawasawa: chini ya mchirizi wa bati vikombe hufurika, chini ya mwembe hupata matone machache. Baada ya dakika moja tunavifunika vyote, kisha tunapita na kijiti tukipima kina cha maji katika kila kikombe na kuandika namba. Mtu aliyekaa mbali, asiyeiona nyumba yetu, akipewa jedwali hilo la namba aweza kuchora mahali ulipo mwembe na mahali ulipo mchirizi. Ndani ya kamera nuru ndiyo mvua. Inapoigonga silikoni huzibandua elektroni, nazo hukusanyika kisimani hadi muda uishe. Kisha kila kisima hupimwa na kupewa namba, aghalabu kuanzia 0 kwa giza tupu hadi 255 kwa weupe kamili. Kupata rangi, visima hufunikwa kwa vichujio vya rangi tatu, nusu yake kijani, robo nyekundu na robo buluu. Mpangilio huu ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak katika miaka ya 1970. Simu yenye safu 3,000 za pikseli 4,000 kila moja hutoa pikseli milioni 12, na kwa namba tatu kwa kila pikseli tunapata namba milioni 36 kwa kila picha ya mbuzi au ya maandazi.

Kwa daftari la hesabu lenye miraba twaweza kuitenda kazi hiyo kwa mikono. Mtoto mmoja huchora sura ya paka katika miraba 16 kwa 16, kisha husoma kwa sauti namba ya kila mraba: 0 kwa cheusi, 9 kwa cheupe. Mwenzake aliyeko upande wa pili wa ukuta, asiyeona kitu, hujaza daftari lake kwa penseli. Baada ya namba 256 na malalamiko mengi, paka huvuka ukuta. Wakati mwingine msomaji hukosea mraba mmoja na safu nzima ikasogea, paka akavunjika shingo. Kosa hilo nalipenda kuliko paka mzuri, kwa maana hapo watoto hutambua wenyewe kwamba kilichosafiri hakikuwa picha bali hesabu.

Huwasimulia pia kwamba miongoni mwa picha za kwanza kabisa kuingizwa katika kompyuta ilikuwa ya mtoto. Mwaka 1957, huko Marekani, Russell Kirsch aliichukua picha ya mwanawe mchanga, Walden, mwenye umri wa miezi mitatu, akaigeuza kuwa miraba 176 kwa 176. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wa maabara ya Bell walibuni kipande cha silikoni cha kukusanya na kusafirisha elektroni, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Na mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak aliunganisha kamera iliyokuwa na pikseli 100 kwa 100 tu. Ilichukua sekunde 23 kuihifadhi picha moja katika kaseti, ya aina ile ile tuliyosikilizia muziki.

Mkaa na unga

Sasa tumrudie binti yetu. Ikiwa vikombe vitaachwa nje muda mrefu mno, vyote hufurika, na jedwali zima huwa 255: picha nyeupe tupu. Vikifunikwa upesi mno, vyote huwa karibu na 0: picha nyeusi tupu. Ni nani aamuaye muda? Katika simu, ni programu. Nayo haijui kilichoko mbele yake. Hujua tu jumla ya nuru iliyoingia. Kwa hiyo imepewa kanuni moja: chukulia kwamba dunia, ikichukuliwa kwa wastani, hurudisha kama asilimia 18 ya nuru inayoiangukia, yaani ina rangi ya kijivu cha katikati, basi rekebisha muda hadi wastani wa picha uwe kijivu hicho.

Jaribio la kuthibitisha jambo hili halihitaji maabara. Tandaza unga wa sembe katika sinia, na mkaa katika sinia nyingine. Yaweke yote mawili juani. Sogeza simu hadi unga ujaze kioo chote, piga picha. Fanya vivyo hivyo kwa mkaa. Kisha ziweke picha mbili pamoja. Unga umekuwa wa kijivu, na mkaa umekuwa wa kijivu! Hazitakuwa sawa kabisa, lakini zitakaribiana mno kuliko yanavyokaribiana masinia yenyewe mbele ya macho yako. Siku tulipofanya jaribio hili palitokea ubishi mkubwa. Mvulana mmoja alidai kwamba simu ni mbovu, tukabadilisha simu, mambo yakawa yale yale.

Ni binti yule yule, mshika mabegi, aliyesema kwa sauti ndogo: “Kwa hiyo ule ukuta ni unga.”

Naam. Tuseme ukuta wa chokaa hurudisha asilimia 80 ya nuru na umejaza sehemu kubwa ya picha, na uso wa mtoto mweusi hurudisha asilimia 9. Kamera, ikitaka wastani wake uwe 18, hugawanya kila kitu kwa 4 na zaidi kidogo. Ukuta hushuka hadi 18. Uso hushuka hadi 2. Mtoto mwenye ngozi nyeupe, inayorudisha asilimia 35, naye hupungua, lakini hubakia na 8, na sura yake bado yaonekana. Theluji iliyonimeza mimi ughaibuni ilikuwa ukuta wa chokaa uliolala chini. Hakuna uso usiopendeza katika hesabu hii; kuna mgawanyo uliofanywa bila kuuangalia uso.

Marekebisho yake mtoto wa miaka 8 ayaweza. Gusa uso juu ya kioo cha simu, ili kamera ipimie hapo. Kama haitoshi, pandisha kile kijialama cha jua kinachotokea kando. Simu zioneshazo namba hutumia +1 kwa nuru maradufu na +2 kwa nuru mara nne. Au mwondoe mtu mbele ya ukuta mweupe, umsimamishe mbele ya mlango wa mbao au kanga iliyokoza rangi, na hapo kamera yenyewe itaongeza muda. Au msogelee. Tulimpiga picha binti yule kwa njia hizi zote. Ukuta ulipata weupe uliopitiliza, jambo ambalo hakuna aliyelijali.

Hata hivyo haitoshi kumwambia mtoto kwamba ni hesabu tu, kana kwamba hesabu ilishuka yenyewe kutoka mbinguni. Kila kipimo kilichaguliwa na mtu. Katika zama za mkanda, maabara za kusafisha picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Rangi zikiwa sahihi kwake, zilihesabiwa kuwa sahihi kwa wote. Imesimuliwa kwamba malalamiko ya watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, ambao bidhaa zao hazikutofautika katika picha, yalichangia kuifanya Kodak iboreshe mikanda yake kwa rangi za giza. Ngozi zetu zilifaidika kwa huruma waliyoonewa makabati. Na jambo lenyewe halijakwisha. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kibiashara zitambuazo jinsia ya mtu kwa kutazama uso wake. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, na kwa wanawake weusi lilifika hadi asilimia 34.7. Simu za siku hizi hujitahidi kuutafuta uso zenyewe na kuupa uzito katika hesabu, lakini uso usiotambuliwa haupewi uzito wowote.

Mlango, dirisha na saa

Mafundi wa studio katika pwani yetu waliyajua haya kwa macho bila kuyaandika. Unguja, ambako Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na Kariakoo, ambako wengi wetu tulipigwa picha za pasipoti, fundi alikigeuza kidevu cha mteja kwa vidole viwili kuelekea taa, naye alikuwa na sababu. Ngozi nyeusi hupendeza si kwa kumwagiwa nuru nyingi usoni moja kwa moja, bali kwa kupata nuru pana itokayo ubavuni, ambayo hung'aa juu ya shavu na paji la uso na kuonesha umbo. Mlango ulio wazi watosha kwa kazi hiyo. Mtu akae ndani, hatua moja kutoka kizingitini, auelekeze uso wake nje.

Saa nayo ina neno lake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua hupita utosini petu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, na katika miezi mingine halikengeuki sana. Picha ya adhuhuri, kwa hiyo, huyatia macho kivuli cha nyusi hadi yakawa mashimo. Vitabu vilivyoandikwa katika nchi za kaskazini humwambia mwanafunzi aweke jua mgongoni mwake apige picha mchana. Mwanafunzi wa Segerea akilifuata shauri hilo saa sita hatakuwa na mgongo wa kuliwekea. Sisi hupiga kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi alasiri.

Vitabu hivyo hivyo hupenda kuanza na kanuni za mpangilio, jinsi ya kuigawa picha katika sehemu tatu na kadhalika. Sina ugomvi nazo. Ila naona zaweza kungoja.

Kanuni ninayoishika ni nyingine: kila mtoto hupewa picha 12 kwa asubuhi moja, na kabla ya kila picha huandika daftarini nuru inatoka wapi. Mkanda wa zamani ulikuwa na picha 36, na ufinyu huo ulifundisha. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza akiwa bado mwanafunzi kwa kamera duni ya sanduku, Box Brownie. Mwaka 1963 aliianzisha Camerapix katika jiji hili, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliutikisa ulimwengu. Mwaka 1997 huko Mathare, Nairobi, mpiga picha Lana Wong pamoja na chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, waliwapa wavulana na wasichana wa mtaa huo kamera za plastiki za bei nafuu. Picha zao zilichapwa kuwa kitabu, *Shootback*, mwaka 1999. Kamera zile zilikuwa duni kuliko simu yangu iliyopasuka kioo. Kilichozipa picha nguvu ni kwamba aliyeshika kamera alikuwa mkazi wa nyumba ile anayoipiga.

Mkazi, lakini, ana wajibu ambao mpita njia hana. Pamoja na zile namba milioni 36, simu huandika ndani ya picha namba nyingine zisizoonekana: tarehe, saa, na, isipozuiwa, mahali picha ilipopigwa. Mahali hapo huandikwa kwa nyuzi na desimali. Desimali ya nne ya nyuzi ni kama mita 11 juu ya ardhi, yaani nyumba moja, si mtaa. Picha ya mtoto aliyevaa sare, ikitumwa kwa watu wasiojulikana, hubeba anwani yake. Kwa hiyo tumefunga uandikaji huo katika simu zote tatu, na watoto wenyewe ndio waliopekua mipangilio hadi wakaupata. Nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Uani kwangu tunaitafsiri kwa desturi tuliyolelewa nayo: picha ya mtu hubishiwa hodi kama nyumba yake, na asiyeitikia haingiliwi. Mama muuza maandazi alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, kwa sharti kwamba zipigwe picha za maandazi peke yake. Na kwa kuwa Segerea tuna gereza jirani, watoto wanajua pia kwamba maeneo ya magereza na ya jeshi hayapigwi picha bila ruhusa, hata kama machweo ya upande ule ni mazuri.

Mwezi uliopita binti yule aliomba tufanye somo nyumbani kwao, kwa kuwa bibi yake haendi tena mbali. Tukaenda sote tisa na mimi, tukamwamkia bibi, akatuitikia akiwa kitini ndani, mbali na mlango. Mjukuu akamwuliza kama angependa kupigwa picha. Bibi akajibu kwamba yeye hatokei vizuri, tangu ujana wake hatokei. “Utatokea, Bibi,” akasema mjukuu, na kukisogeza kiti hadi hatua moja kutoka kizingitini. Akaugusa uso juu ya kioo, akapandisha kijialama cha jua kidogo, akaandika katika daftari, kisha akageuka kunitazama mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni.

“Samahani, Mwalimu,” akasema. “Unanizibia nuru.”

Nikaondoka mlangoni.